Msiongeze Koneksheni

Mfumo ukizorota, dawa inajulikana. Foleni inarefuka dirishani, keshia anawaambia watu sistimu iko chini, simu zinaanza kulia makao makuu, na huko mhandisi mmoja anafungua faili la mipangilio, anatafuta mstari wa ukubwa wa akiba ya koneksheni, anafuta 20 na kuandika 100. Programu inazimwa na kuwashwa. Kwa muda inakwenda vizuri, maana kuzima kumeifukuza foleni yote na kuikata miamala iliyokuwa imekwama, na mhandisi anapewa hongera zilizostahili kwenda kwa kitufe cha kuzimia. Baada ya wiki chache 100 inakuwa 300.

Imani iliyo nyuma ya dawa hii imeenea kiasi kwamba hakuna anayejisumbua kuitetea. Inasema hivi: koneksheni za kwenda kwenye hifadhidata ndizo nguvu za mfumo, zikiwa nyingi mfumo una nguvu, zikiwa chache mfumo umebanwa. Nimeisikia kwa wahitimu wapya, nimeisikia kwa wakuu wa idara, na nimeisoma kwenye ripoti za washauri waliolipwa vizuri. Naipinga yote. Koneksheni ni ruhusa tu ya kuishughulisha hifadhidata. Ruhusa zikizidi mikono ya kufanya kazi, kila aliyepewa ruhusa atachelewa, na mara nyingi atachelewa zaidi kuliko kama angeachwa asubiri nje.

Kwanza tukubaliane kwa nini akiba ya koneksheni ipo, maana hapo sina ugomvi na mtu. Kufungua koneksheni mpya ni kazi ghali. Kwenye PostgreSQL kila koneksheni huzaa prosesi yake kamili ndani ya seva. Juu ya hayo kuna salamu za TCP, kuna mapatano ya usimbaji wa TLS, kisha nenosiri linahakikiwa kwa utaratibu wa SCRAM ambao kwa kawaida huzungusha hesabu zake mara 4096. Yote hayo yafanyike ili programu iulize salio la mtu, ulizo linalojibiwa kwa milisekunde moja, halafu koneksheni itupwe! JDBC ilipotoka mwaka 1997 watu wengi walikuwa wakifanya hivyo hivyo: kila ombi linaita DriverManager, linafungua, linauliza, linafunga. Mwisho wa 1999 ikaja J2EE, na ikawa kawaida kwamba programu haifungui koneksheni yenyewe bali inaiomba kwa seva inayoihifadhi, kupitia DataSource iliyosajiliwa kwa jina. Uamuzi huo ulikuwa wa busara na hadi leo unatubeba.

Lakini lengo la akiba lilikuwa kutumia tena koneksheni chache. Njiani wenzetu wameligeuza likawa kuwa nazo nyingi.

Tupige hesabu ndogo. Seva ya hifadhidata ina viini vinne vya prosesa, na muamala wetu wa kawaida unahitaji milisekunde 5 za kazi halisi ya kiini kimoja. Kiini kimoja kitamaliza miamala 200 kwa sekunde. Viini vinne, 800. Hiyo ndiyo dari, na hakuna mstari wa mipangilio unaoweza kuipandisha. Sasa weka koneksheni 10 na zote zina kazi: kila muamala utakaa ndani ya hifadhidata wastani wa milisekunde 12 na nusu. Weka koneksheni 200 zenye kazi: dari ni ile ile 800, kwa hiyo kila muamala sasa unakaa ndani milisekunde 250. Hapa sijatumia chochote zaidi ya kanuni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961, kwamba idadi ya waliomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Na nimekuwa mkarimu kwa wapinzani wangu, maana nimedhani kwamba viini vinne vinaweza kurukaruka kati ya prosesi 200 bila kupoteza kitu. Havifanyi hivyo. Kila kubadilisha prosesi kuna gharama, data iliyokuwa karibu na kiini inasukumwa nje, na dari yenyewe inashuka.

Mtetezi makini atanikatiza hapa: mteja anajali jumla ya muda wake, na kama asiposubiri ndani ya hifadhidata atasubiri nje kwenye foleni ya programu, basi tofauti iko wapi? Ni swali zuri, na ndilo swali lote la makala haya. Anayesubiri nje hajashika kitu, na anayesubiri ndani ameshika.

Aliyewahi kuvuka Magogoni kwenda Kigamboni anajua kazi ya lile geti la chumba cha kusubiria. Watu wanaachiwa kwa kiasi cha pantoni moja, kisha linafungwa. Geti halipunguzi uwezo wa pantoni hata kidogo. Liondoe, umati wote ushuke hadi ukingoni, na wanaotoka kwenye pantoni watakosa pa kupita. Pantoni itachelewa kumwaga, itachelewa kupakia, na wote watavuka usiku. Hifadhidata ni vivyo hivyo, ila wanaosongamana ukingoni mwake wana makufuli mikononi.

Chukueni mstari mmoja wa jedwali ambao kila mtu anautaka: salio la muuzaji mkubwa anayelipwa kwa simu, au la wakala mkuu. Kila malipo yanayoingia lazima yausasishe mstari huo, na hifadhidata haiwaruhusu wawili wausasishe kwa wakati mmoja. Wa kwanza anaufunga kwa kufuli hadi muamala wake uishe. Ikiwa muamala unakaa milisekunde 12 na nusu, mstari ule unaweza kupokea malipo 80 kwa sekunde. Ikiwa muamala umerefushwa hadi milisekunde 250 kwa sababu umezungukwa na wenzake 199, mstari unapokea malipo manne. Manne! Diski haijaharibika, ulizo halijabadilika, hakuna aliyegusa msimbo. Idadi ya koneksheni peke yake imegeuza malipo 80 kuwa manne, na ile ripoti ya asubuhi itasema hifadhidata imezidiwa, kwa hiyo tuongeze koneksheni.

Haya hayaishii kwenye karatasi. Timu ya Oracle inayoshughulikia utendaji wa mifumo halisi ilirekodi onyesho lililozunguka sana miongoni mwa wahandisi: programu moja, hifadhidata moja, mzigo mmoja, na kitu kimoja tu kinachobadilishwa, ukubwa wa akiba. Iliposhushwa kutoka koneksheni elfu mbili na zaidi hadi chini ya mia moja, muda wa majibu ulishuka kutoka milisekunde 100 hivi hadi mbili hivi. Kwa upande wa PostgreSQL, kanuni ya kuanzia ambayo watu wake wameitoa kwa miaka mingi ni idadi ya viini mara mbili, kisha ongeza idadi ya diski zinazozunguka. Kwa seva ya viini vinne na diski moja, hiyo ni 9. Tuseme 10. Wanaolipa leseni na seva za gharama kubwa husoma namba hiyo kama tusi.

Na Brett Wooldridge, aliyeandika HikariCP, hakuiweka 10 kuwa ukubwa wa kawaida wa akiba yake kwa bahati mbaya. Tangu Spring Boot 2.0 ya mwaka 2018, akiba hiyo ndiyo inayokuja na fremuwaki, kwa hiyo maelfu ya mifumo ya Java imeanza maisha na koneksheni 10. Lakini seva ya Tomcat iliyofungashwa humo humo inakuja na thredi 200 za kupokea maombi. Mhandisi anaziona namba mbili, 200 na 10, na jicho lake linaumia. Anadhani amegundua kosa, anazilinganisha. Hakuna kosa. Thredi 200 zinazungumza na watu, zinasoma JSON, zinahakiki fomu, zinapanga majibu. Sehemu ndogo tu ya maisha ya ombi inahitaji hifadhidata. Kuzilinganisha namba hizo mbili ni kutangaza kwamba kila ombi litaishika hifadhidata tangu linapoingia hadi linapotoka. Na kama ni kweli kwenye mfumo wako, tatizo lako ni hilo.

"Memori ipo, kwa nini tubane?" Hii ndiyo hoja ya wanunuzi wa seva kubwa. Memori ipo hadi siku maulizo mazito yanapokutana. PostgreSQL inaruhusu kila hatua ya kupanga data kutumia megabaiti 4 kwa mipangilio ya kawaida, na wasimamizi wengi huipandisha hadi 64 ili ripoti ziende haraka. Ruhusa hiyo ni ya kila hatua ya kila ulizo, si ya seva nzima. Koneksheni 300 zikipanga data kwa pamoja, hata kwa hatua moja moja, ni zaidi ya gigabaiti 18, na mfumo wa uendeshaji utaanza kuchagua prosesi ya kuua. Kwa koneksheni 15 unaweza kutoa megabaiti 64 kwa kila moja na usiku ukalala.

"PostgreSQL ya siku hizi imerekebishwa." Ni kweli, toleo la 14 la mwaka 2021 lilipunguza sana gharama ya koneksheni nyingi zilizokaa kimya, na waliofanya kazi ile wanastahili heshima. Ila wamepunguza gharama ya walio kimya. Hawakuongeza kiini hata kimoja kwa walio na kazi.

Nakuja kwenye hoja yao nzito zaidi, ambayo ningeitumia mimi kama ningekuwa upande wao. Wanasema: kanuni yako ya viini mara mbili inadhani kila koneksheni iliyochukuliwa ina kazi, lakini kwetu koneksheni zinachukuliwa kisha zinakaa bure zikisubiri mambo mengine, seva ya hifadhidata iko kwenye asilimia 8, akiba imekwisha, wateja wanapata makosa, hapo bila kuongeza utafanya nini? Wanasema kweli. Hali hiyo ipo, tena kwetu ipo sana. Na ukiongeza, kweli nafuu itaonekana. Lakini swali ambalo halikuulizwa ni hilo "mambo mengine": koneksheni inasubiri nini?

Mara nyingi inasubiri umbali. Programu iko kwenye seva za Dar es Salaam au Nairobi, hifadhidata ya kukodi iko Frankfurt, na kila ulizo linakwenda na kurudi. Tuseme safari moja ni milisekunde 150, na ukurasa mmoja unatuma maulizo 20 moja baada ya jingine, kwa sababu fremuwaki inaleta oda kwanza, kisha inarudi kumleta mteja wa kila oda peke yake. Koneksheni imeshikwa sekunde 3. Kwa maombi 50 kwa sekunde, kanuni ya Little inadai koneksheni 150, na hifadhidata karibu muda wote huo imekaa kimya ikingoja ulizo linalofuata livuke bahari. Sogeza programu kando ya hifadhidata, safari iwe milisekunde moja: maulizo yale yale 20 yanaishika koneksheni milisekunde 20 hivi, na maombi yale yale 50 yanahitaji koneksheni moja. Unganisha maulizo 20 yawe mawili na hata hiyo moja itapumzika. Kutoka 150 hadi moja bila kununua chochote. Aliyeongeza akiba hadi 150 naye "alitatua" tatizo, lakini ameandika gharama ya safari ya Frankfurt kwenye daftari la hifadhidata, na siku mtandao ukipungua kasi mara mbili atahitaji 300.

Au inasubiri mtu. Huu ndio ugonjwa wa mifumo yetu hasa, kwa kuwa nchi zetu zinalipa kwa simu tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007. Mteja anabonyeza Lipa. Programu inafungua muamala wa hifadhidata, inaandika oda, inapunguza bidhaa ghalani, kisha inatuma ombi la STK ili kisanduku cha PIN kitokee kwenye simu ya mteja. Inasubiri. Mteja anatafuta miwani. Anamuuliza mkewe kama kuna salio la kutosha. Anakosea PIN, anaanza upya. Wakati wote huo koneksheni imeshikwa, na mstari wa bidhaa ghalani umefungwa kwa kufuli, kwa hiyo mteja wa pili anayetaka bidhaa ile ile naye anaishika koneksheni ya pili akimsubiri wa kwanza apate miwani yake.

Cha ajabu, waliotengeneza milango hii ya malipo hawakututuma tufanye hivyo. Daraja ya Safaricom hujibu papo hapo kwamba ombi limepokelewa, na matokeo huletwa baadaye kwenye anwani uliyoitaja mwenyewe. Umbo lake linakuelekeza uachie. Lakini wapo wanaoandika kitanzi kinachouliza kila baada ya sekunde chache "bado?" na kitanzi hicho wanakiweka ndani ya muamala ule ule.

Dawa si ngumu. Chukua koneksheni, andika oda ikiwa na hali ya "inasubiri malipo", weka akiba ya bidhaa kwa muda maalumu, thibitisha muamala, rudisha koneksheni. Tuma ombi la malipo ukiwa mikono mitupu. Matokeo yakija, chukua koneksheni nyingine, andika matokeo, rudisha. Hifadhidata imeshikwa mara mbili, kila mara kwa milisekunde chache, na mteja anaweza kutafuta miwani hadi jioni.

Hapa huwa napingwa kwa neno zito: usalama wa hesabu. Wanasema kuugawa muamala ni kuhatarisha. Oda inaweza kubaki ikining'inia ikiwa seva itazimika katikati, ila ukishika muamala mmoja mwanzo hadi mwisho, likitokea lolote kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Hapana. Kinachorudi ni kile kilichoandikwa kwenye hifadhidata yako. Fedha iliyokwisha kutoka kwenye simu ya mteja haifuati amri za hifadhidata yako hata kidogo. Seva ikizimika sekunde moja baada ya mteja kuweka PIN, muamala wako mrefu utafutika, oda itatoweka, fedha itakuwa imelipwa, na hutakuwa na hata mstari mmoja wa kuonyesha kwamba mteja huyu aliwahi kufika. Ule muamala uliogawanywa angalau umeacha oda yenye namba, inayosema "inasubiri", na kazi ya kulinganisha miamala ya usiku itaiona. Mfumo wowote unaogusa fedha za nje utahitaji ulinganishaji huo upende usipende. Kwa hiyo kinachoitwa usalama ni kinyume chake, na tunakilipia kwa koneksheni.

Tumefikaje hapa, wakati wengi wa wanaoandika haya ni watu werevu? Nadhani ni kwa sababu tendo lenyewe la kuchukua koneksheni limefichwa. Zamani uliliandika kwa mkono, uliona mahali inapochukuliwa na mahali inaporudishwa, na ukisahau kurudisha uliumbuka. Java 7 ya mwaka 2011 ilileta namna ya kuandika try inayoifunga yenyewe, na hapo tulikuwa pazuri: umbo la msimbo lilionyesha maisha ya koneksheni kwa mabano. Kisha tukaingia enzi ya vibandiko. Unaweka @Transactional juu ya mbinu na mengine yanajiendesha. Wangapi wanajua kwamba, kwa mipangilio ya kawaida ya Spring na Hibernate, koneksheni inachukuliwa mbinu inapoanza, hata kama ulizo la kwanza liko mstari wa 80, baada ya faili kusomwa, picha kupunguzwa na barua pepe kutumwa? Wangapi wanajua kwamba Spring Boot, usipoikataza, huacha kikao cha hifadhidata wazi hadi jibu lote limalize kuandikwa, kwa hiyo mteja mwenye mtandao wa kusuasua huko kijijini anaweza kuwa anaishikilia koneksheni yako anapopokea ukurasa wake polepole? Fremuwaki yenyewe inaona aibu. Huchapisha onyo kila inapowaka. Onyo hilo limo kwenye logi za karibu kila mfumo wa Spring nilioufungua, limejikunyata katikati ya mistari mia mbili, na hakuna aliyewahi kulisoma.

Imani hii ya pili, kwamba mwandishi wa programu hapaswi kujua koneksheni inatoka wapi na inarudi lini, ndiyo mama wa ile ya kwanza. Asiyeona muda wa kushika atabaki kuona idadi peke yake, kwa kuwa idadi imeandikwa kwenye faili na muda haujaandikwa popote.

Kuna kisa kimoja ambacho wapinzani wangu hukileta kwa furaha, nami nakileta mwenyewe. Mbinu ina muamala. Ndani yake inaita mbinu nyingine ya kuandika kumbukumbu za ukaguzi, nayo imepewa amri ya kufungua muamala mpya wa peke yake. Thredi moja sasa inataka koneksheni mbili kwa pamoja. Akiba ina 10. Thredi 10 zinaingia kwa mkupuo, kila moja inachukua moja, kila moja inasubiri ya pili, na hakuna itakayopata. Hifadhidata imelala fofofo na mfumo umekufa. Maelezo ya HikariCP yana kanuni ya kiwango cha chini cha kuepuka hili: zidisha thredi kwa koneksheni zinazohitajika ukiondoa moja, kisha ongeza moja. Kwa thredi 200 zinazotaka mbili mbili ni 201. "Umeona? Inahitaji kuongezwa!" Sawa, kuna njia mbili. Ya kwanza ni koneksheni 201 na matatizo yote niliyoyaeleza. Ya pili ni kuiandika kumbukumbu ya ukaguzi baada ya muamala wa kwanza kuisha, mabadiliko ya mistari michache ambayo mtu anaweza kuyafanya kabla ya chai ya saa nne.

Nigusie na subira. HikariCP kwa kawaida humwacha anayeomba koneksheni asubiri sekunde 30 kabla ya kumwambia hakuna. Wengi huipandisha hadi 60, wakiona huruma: bora mteja asubiri kuliko apewe kosa. Mteja hasubiri. Baada ya sekunde saba au nane amebonyeza tena, na ombi lake la kwanza bado liko kwenye foleni likimwandalia jibu ambalo hakuna atakayelisoma. Foleni inajaa maombi ya watu waliokwisha kuondoka. Subira ya sekunde 2 au 3 inaonekana ya kikatili kwenye karatasi, lakini inaiweka hifadhidata ikiwahudumia watu ambao bado wako mbele ya skrini, na inampa mhandisi kosa la wazi mapema badala ya mfumo unaokufa taratibu bila kusema.

Wingu nalo halijatuokoa, limetuongezea kasi ya kuumia. Programu sasa inaendeshwa kwa nakala nyingi zinazojiongeza mzigo ukipanda. Nakala 12, kila moja na akiba ya 100, ni koneksheni 1200 zinazobisha kwenye PostgreSQL ambayo kwa kawaida inakubali 100, na tatu kati ya hizo zimetengwa kwa msimamizi mkuu. Usiku wa kupeleka toleo jipya, nakala za zamani na mpya zinakuwa hewani kwa pamoja, na namba inaruka tena. Hifadhidata inajibu, kwa adabu zote, ikiomba radhi kwamba wateja wamekuwa wengi mno. Anayepanga ukubwa wa akiba kwa nakala moja bila kuuliza nakala ni ngapi hajapanga chochote. Bajeti ni ya hifadhidata, nakala zinagawana.

Watu wa PgBouncer, chombo kilichozaliwa ndani ya Skype mwaka 2007, watasema wamekwisha kulitatua hili. Nakubali, ila tuangalie wamelitatuaje: mbele kunapokelewa maelfu, nyuma kunapitishwa wachache, na anayemaliza muamala ananyang'anywa koneksheni hapo hapo apewe mwingine. Ni geti. Ushahidi wao ni wangu. Na geti hilo lina masharti yake, maana mambo yanayotegemea kikao, kama makufuli ya ushauri yanayovuka muamala, hayatafanya kazi tena. Vivyo hivyo kwa thredi pepe zilizokuja na Java 21 mwezi Septemba 2023. Nimewasikia wakisema sasa thredi ni bure, basi akiba nayo iwe bila kikomo. Thredi kuwa bure maana yake ni kwamba kusubiri nje ya hifadhidata kumekuwa rahisi kuliko wakati wowote uliopita, na kwa hiyo sababu ya mwisho ya kuwaingiza watu ndani imeondoka.

Ripoti za mwisho wa mwezi zitengewe akiba yao, koneksheni mbili tatu, ikiwezekana kwenye nakala ya kusoma tu. Hilo halina mjadala mrefu.

Kwa hiyo kabla mtu hajaniletea ombi la kuongeza, nataka grafu mbili kutoka kwenye mfumo ulio hewani, na HikariCP inazitoa zote bila kuongezewa chochote isipokuwa mahali pa kuzichora: maombi yanasubiri koneksheni kwa muda gani, na koneksheni ikishachukuliwa inashikwa kwa muda gani. Kando yake niwekewe matumizi ya viini vya seva ya hifadhidata kwa saa zile zile. Muda wa kushika ukiwa mrefu na viini vimelala, tutakaa na msimbo tutafute nani anatafuta miwani. Viini vikiwa vimejaa, tutakaa na maulizo na faharasa zake, na huenda tukapunguza akiba. Muda wa kushika ukiwa mfupi, watu bado wanasubiri, na viini vina nafasi, basi nitatia saini bila ubishi: kutoka 10 hadi 14, kwa wiki moja, tuone.